Kufufua Land Rover ya zamani Malindi kwa spea za skrepu

Kama una Land Rover Series imelala uani hapa Malindi usiihukumu kwa bodi, bodi ni aluminiamu haishiki kutu, ugonjwa uko chini kwa chesisi, ile fremu inayobeba bodi, ni chuma na chumvi ya bahari inaitafuna kutokea ndani. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi yote polepole, chuma kizima kinalia ngii, kilichooza kinatoa sauti nzito na maganda mekundu yanadondoka, hapo weka alama kwa chaki. Palipooza kata mpaka ufike chuma cheupe, usipige kiraka juu ya kutu tafadhali, kitaachia tu.

Vipande tafuta kwa skrepu za gari zilizokaa bara, mimi nazipenda hizo sababu hazijala chumvi, lakini nazo zigonge kabla hujalipa. Nati zikigoma mwagia dizeli zilale usiku kucha. Kabla ya kuchomelea toa betri na tangi la mafuta, hilo halina mjadala. Halafu paka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili. Ukirudisha bodi weka mpira kati ya aluminiamu na chuma, zikigusana kwenye hewa hii yetu aluminiamu inageuka unga mweupe.