Taa kwanza, mkono baadaye

Kwa wanaojaribu mkono wa roboti kwenye kazi za hapa Pemba, kama kutenga makonyo (vijiti vya shada) na karafuu mezani: kabla mkono haujasogea, washa taa ya upande unaokwenda, subiri nusu sekunde, ndipo mota iende. LED (taa ndogo) moja kila upande, kila moja na rezista yake (kipande kinachopunguza umeme isiungue) ya omu 220 kwa volti 5, zinatosha. Aliyekaa mkabala anawahi kuondoa vidole, na baada ya muda anachambua zake bila kuukodolea macho. Mkono unaoshtua watu hauaminiwi hata kama haujamgusa mtu.

La kuangalia sana: taa iwashwe na amri ileile inayoendesha mota, isiwe na taima yake pembeni. Ikiwaka mara mbili tatu mkono usiende, au mkono ukaenda bila taa, watu wanaacha kuitazama kabisa, na kuwarudisha ni kazi. Juani kwenye majamvi ya kuanikia karafuu taa haionekani. Hapo tia baza (kifaa kidogo cha kutoa mlio), mlio mmoja kushoto, miwili kulia. Swichi ya dharura ibaki palepale, nyekundu, ikikata umeme wa mota bila kupitia programu.