Jarida lako la imeili lina watu 40? Usilizime

Wiki ya kwanza unapata watu 40, ndugu na washkaji tu, halafu miezi mitatu inapita namba imeganda palepale, hapo ndo wengi wanaacha. Usiache aisee. Kwanza punguza kuchungulia namba, mi naangalia Jumapili jioni basi, na hata ile ya waliofungua usiitegemee sana maana tangu 2021 app ya imeili ya Apple inaweza kupakua yenyewe ile picha iliyofichwa inayohesabu waliofungua, unaona mtu kafungua kumbe hajagusa. Wahesabu wanaokujibu.

Mimi naandika mambo ya dagaa na sato, bei, ukaushaji, mambo hayo, kuna wiki niliruka nikapata meseji ya mama mmoja anauza pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, "mwanangu wiki hii kimya, unaumwa?" Niliiskrinishoti, nimeiweka kwenye folda yake na nikichoka naifungua kabla sijaandika. Tengeneza folda kama hiyo leo, hata ikiwa na jibu moja.

Halafu akiba. Wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikiwa kali hawaingii ziwani, taa zao hazivuti samaki vizuri, basi wanatengeneza nyavu, na wewe siku una nguvu andika mbili tatu za mbele ili wiki mbaya ikija una cha kutuma.

Kuongeza watu, muombe msomaji mmoja amtumie mwenzake wasapu. Imeili za kununua achana nazo kabisa, utaishia kwenye spamu.