SOMO: Pesa za jimbo la Texas kwa tukio linaloleta wageni (soma kabla hujanipigia)

Wiki hii nimepigiwa simu nne, zote swali moja: "Kaka, tumesikia serikali inagawa hela za matamasha, fomu iko wapi?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia hapa.

Kwanza, haigawi. Inarejesha. Mnatumia zenu, mnapeleka risiti, ndipo mnarudishiwa sehemu. Mpango wote uko chini ya ofisi ya gavana tangu 2015. Lipo fungu la matukio vigogo yaliyotajwa ndani ya sheria yenyewe, kama Super Bowl (fainali ya mpira wa Kimarekani), mbio za magari za Formula 1 za Austin na Kombe la Dunia, na lipo fungu la matukio ya kawaida. Letu ni hilo la pili.

1. Nendeni ofisi ya utalii ya jiji lenu. Mwombaji ni jiji au kaunti, au kamati waliyoiidhinisha. Chama chenu hakiombi chenyewe.

2. Tukio lisiwe la kufanyika zaidi ya mara moja kwa mwaka Texas au jimbo jirani.

3. Ushindani. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo soma taratibu. Jimbo linalipia tukio ambalo lingeweza kwenda kwingine. Lazima chombo kinachochagua mwenyeji kiwe kimepima miji kadhaa, ikiwemo ya nje ya Texas, kisha kikachagua yenu, na kikaandika barua inayosema hivyo. Mashindano yetu ya mpira yalikuwa na timu kutoka majimbo sita. Tukakaa sebuleni kwangu, pilau mezani, tukakubaliana yafanyike kwetu, na usiku huohuo kijana mmoja akarusha bango kwenye WhatsApp lenye tarehe na jina la uwanja. Miezi miwili baadaye tuko mbele ya dada wa ofisi ya utalii. Akauliza miji gani mingine ilishindana nasi. Kimya. Akafungua simu yake, akatuonyesha bango letu wenyewe. Akafunga faili.

Kwa hiyo: msitangaze mji kabla barua za kualika miji ishindane hazijatoka na majibu hayajarudi. Wanaochagua wasiwe walewale wanaoomba kuwa wenyeji. Sisi mwenyekiti alikuwa mmoja kote kuwili. Na msitunge ushindani baada ya uamuzi. Hizo ni hela za umma, na barua ya uongo ina jina lako chini yake.

4. Hesabuni wageni, si watu. Kinachotafutwa ni ongezeko la kodi lililoletwa na tukio: mauzo, hoteli, magari ya kukodi, vinywaji vikali. Mkazi wa hapahapa aliyekuja uwanjani angeitumia hela yake sinema, haongezi kitu. Kwenye fomu ya usajili wekeni kisanduku cha mji anakotoka mtu na hoteli aliyofikia.

5. Jiji lichangie. Kila dola 1 yake, jimbo linaweka 6.25. Ili jimbo liweke 100,000, jiji liweke 16,000.

6. Ombi lifike angalau siku 120 kabla ya tukio. Jiji nalo linahitaji muda wake wa kuandaa, anzeni mwaka mzima kabla.

7. Mkataba usainiwe kabla ya matumizi. Risiti zote. Mlinzi aliyelipwa taslimu mkononi hayupo duniani.

MASWALI

Baba_Ian: Shukrani mkuu. Fomu sasa tunaipata wapi?
— Hatua ya 1.

DJ_Arlington: Kuna advansi kidogo ya kumlipa msanii kutoka Dar?
— Aya ya pili, neno la kwanza baada ya "Haigawi".

DJ_Arlington: Sasa si uandike vizuri, wengine tuko kazini.
— Na mimi niko kazini. Hakuna advansi.

Mama Neema: Samahani kaka, mimi nimesoma yote. Kwa nini 6.25 na si namba nzima?
— Swali zuri, dada. Angalia risiti yako ya dukani: kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.25, na za hapa haziwezi kuzidi 2. Texas haina kodi ya mshahara, kwa hiyo mgeni anayekula na kununua ni mali kwao kuliko kwenye majimbo mengine. Wanakurudishia kutoka kwenye kile walichokusanya kwa ajili yako. Wapo wanaopinga, wanasema mgeni wa mbio za magari anamfukuza mgeni mwingine aliyekosa chumba. Kwa wikiendi ya Austin naona wana hoja. Kwa mashindano yetu ya katikati ya Julai, hoteli ziko tupu.

Mama Neema: Basi sisi wa kwaya, watu mia tatu tu, tusahau?
— Hapana! Nyie msipite kwa gavana kabisa. Ombeni fungu la kodi ya hoteli ya jiji. Sheria inalifunga litumike kukuza utalii na hoteli, na sanaa imo. Miji mingi ina fomu fupi. Watakuuliza vyumba vingapi mtajaza, basi. Niandikie faraghani nikuonyeshe ya kwetu iliyopita.

Kasongo_HTX: Kuhusu vyumba: sisi watu walijilundika sita chumba kimoja kwa shemeji.
— Ndiyo maana hesabu yenu ilitoka ndogo. Ombeni hoteli itenge vyumba kwa bei ya kundi, na kila mtu aweke nafasi kwa kodi (code) yenu. Ninasema "kodi" ya namba, si ya kulipa. Mwishoni hoteli inawapa idadi kamili ya usiku kwenye karatasi yao.

Kasongo_HTX: Lakini soma mkataba wao kwanza. Sisi tulitenga arobaini, vikajaa ishirini na viwili, tukadaiwa vilivyobaki.
— Hilo sikuliandika. Rudisheni mapema vyumba msivyovihitaji, kabla ya tarehe yao ya mwisho.

Baba_Ian: Fomu nimeipata. Inauliza miji mingine iliyoshindana. Niandike ipi?
— Baba Ian.