Kura ya zawadi za Krismasi ambayo hakuna anayeokota jina lake

Desemba hii nimeisaidia kwaya moja ya hapa Mwanga, Kigoma, kupanga zawadi za siri: kila mmoja anampa mmoja, anapewa na mmoja, na hajui nani anampa. Walizoea kuweka majina kwenye bakuli na kuokota. Njia hiyo ina kasoro ya kihesabu, na kasoro hiyo haiishi hata ukichanganya vikaratasi mpaka asubuhi. Nawaandikia familia na vikundi vinavyojiandaa na kura ya aina hii.

Waite watoto kwanza waione kasoro wenyewe. Watu watatu, namba 1, 2 na 3, wanaweza kuokota kwa njia 6: 123, 132, 213, 231, 312, 321. Tarakimu ya kwanza ni alichookota namba 1, ya pili ni cha namba 2, ya tatu ni cha namba 3. Katika hizo, ni 231 na 312 tu ambazo hakuna aliyejiokota. Kwa watu wanne, njia nzuri ni 9 kati ya 24. Kwa watano ni 44 kati ya 120. Mezani kila mtu atakwambia kwamba kikundi kikiwa kikubwa tatizo linapungua. Halipungui. Wawe 10, wawe 40, kura itakwenda salama mara 37 hivi katika 100. Mfaransa Pierre Rémond de Montmort aliliuliza swali hili mwaka 1708 alipokuwa akichambua michezo ya karata, na kwangu hakuna fumbo zuri la msimu huu kulishinda.

"Ukijiokota, rudisha" si dawa. Kwanza wote wameshakuona ukirudisha. Pili, namba 1 akiokota 2, na namba 2 akiokota 1, namba 3 amebaki na jina lake na hana pa kulirudisha. Kwa watu watatu hilo hutokea mara moja katika nne.

Hatua ya 1. Tafuta manila ya rangi moja, mkasi, makapeni na bahasha zinazofanana. Karatasi ya daftari usiiguse: wino unapenya, namba inasomeka kwa nyuma, siri imekwisha. Programu za simu za kupanga kura zipo, lakini kwa kazi hii sizitaki. Bibi asiye na simu janja anaachwa nje, na watoto hawaioni hesabu ikifanya kazi.

Hatua ya 2. Kata kadi kulingana na idadi ya watu. Kwenye kadi ya nne, kwa mfano, nusu ya juu andika "Mimi ni 4", nusu ya chini "Nampa 4". Ndiyo, namba ileile. Kisha nyuma ya kila kadi, upande wa juu, chora nyota ndogo.

Hatua ya 3. Zichange kama karata, uzipange kifudifudi kwa mstari mmoja.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi nzima ilipo, nenda taratibu. Hakikisha nyota zote ziko juu. Kadi moja ikilala miguu juu, kuna mtu atapata "Nampa" mbili na mwingine "Mimi ni" mbili, na hutajua mpaka bahasha zifunguliwe. Kata kila kadi katikati. Nusu za juu ziache palepale. Nusu za chini zisogeze zote nafasi moja kulia; ile ya mwisho kulia irudi mwanzo wa mstari, kushoto.

Tuseme kadi zilikaa 4, 1, 5, 2, 3. Baada ya kusogeza, chini ya 4 kuna 3, chini ya 1 kuna 4, chini ya 5 kuna 1, chini ya 2 kuna 5, chini ya 3 kuna 2. Fuata mkondo: 4 anampa 3, 3 anampa 2, 2 anampa 5, 5 anampa 1, 1 anampa 4. Duara moja, wote wamo, na aliyepanga naye hajui kitu.

Usichanganye nusu za chini! Tuliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu ndugu mmoja aliona kusogeza pekee hakutoshi, akazikoroga kidogo "ili iwe haki". Haki ilishapatikana kwenye hatua ya 3. Ukizikoroga hapa umerudi kwenye bakuli. Usifunue kadi kuhakiki. Usifanyie barazani pia, upepo wa ziwani utakupangia wenyewe.

Na kwa nini nafasi moja? Watu 6 wakisogezewa mbili, wanagawanyika duara mbili za watatu watatu. Wakisogezewa tatu, wanapeana wawili wawili, siri hakuna. Wape watoto maharage 12 wayapange duara, watafute ni kusogeza kwa ngapi kunakowapitia wote kabla ya kurudi mwanzo. Majibu ni 1, 5, 7 na 11, na mtoto atakayegundua sababu (namba hizo na 12 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1) mpe soda.

Hatua ya 5. Kila jozi kwenye bahasha yake. Funga, changanya bahasha upendavyo, watu waokote. Kila mtu aandike jina lake kwenye orodha ya ukutani, mbele ya namba yake ya "Mimi ni". Kiwango cha juu cha bei mkubaliane hapohapo, awe ananunua kitenge au galoni ya mawese.

Hatua ya 6. Mtu akijitoa, tuseme namba 5, aweke kipande chake cha "Nampa" kwenye bahasha iliyoandikwa 5, aiache kapuni. Aliyekuwa ampe 5 ataichukua kimyakimya na kumpa huyo aliyemo ndani. Duara limeungana tena. Na mgeni akishuka kwenye treni ya kutoka Tabora kura imeshapita, mwandikie namba mpya. Mtu mmoja ajitolee: amwachie mgeni kipande chake cha "Nampa", yeye achukue cha kumpa mgeni. Siri itavuja kwa hao wawili tu, wengine wote wabaki gizani mpaka tarehe 25.