Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Mlima Mrefu kwa Mtu Asiye na Mazoezi

Mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi anaweza kupanda mlima mrefu na kushuka salama, ilimradi asichanganye mambo mawili: nguvu za miguu na pumzi, ambazo hujengwa nyumbani, na uwezo wa mwili kuzoea hewa nyepesi, ambao hujengwa huko huko juu, tena kwa kupewa siku. Mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata anayepanda juu haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea hewa nyepesi. Mkimbiaji hodari anaweza kulala hoi kwa maumivu ya kichwa ilhali mwenzake mwenye kitambi anakula chakula chake vizuri, na mara nyingi chanzo ni kwamba yule hodari alipanda haraka kwa kuwa miguu ilimruhusu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupanga ni ratiba, kabla hata ya kufikiria viatu. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa popote duniani, lakini mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, hata ukifika mita 5,500 umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, kisha figo na damu hujirekebisha taratibu kwa muda wa siku kadhaa, na hakuna njia ya kuzilazimisha ziharakishe. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika. Kinachohesabiwa zaidi ni kimo cha kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi na kurudi chini jioni. Safari iliyobanwa siku huonekana nafuu, lakini kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu aongeze siku, wala si koti la gharama.

Jambo la pili ni kumwona daktari, nalo lifanyike kabla ya kuanza mazoezi, si wiki ya safari. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, upungufu wa damu au selimundu, pamoja na mjamzito, asipange safari kwa kukisia. Hapo ndipo pia pa kuulizia asetazolamaidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, ambayo kwa kawaida huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda. Dawa hiyo huongeza mkojo na kuleta ganzi ya vidole, na haiwafai baadhi ya watu, wakiwemo waliowahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa.

Mazoezi yenyewe yanahitaji miezi miwili hadi mitatu kwa mtu anayeanzia kwenye kiti. Aanze kwa kutembea mara kadhaa kwa wiki, kwa mwendo unaomwezesha kusema sentensi nzima bila kuikatisha ili avute pumzi, kisha aongeze muda, halafu vilima au ngazi, na mwishoni begi mgongoni lenye uzito atakaoubeba kweli. Wengi hujiandaa kupanda wakasahau kushuka. Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja hujikaza huku ikinyooshwa, jambo linaloichosha kwa namna ambayo kutembea tambarare hakuwezi kuizoesha, na ndiyo sababu mtu aliyefika kileleni akitabasamu huanza kutetemeka magoti saa mbili baadaye. Ngazi za jengo refu zitumike kwa kushuka pia.

Viatu vivaliwe katika mazoezi yote, kwa soksi zile zile za safari, na kucha za miguu zikatwe fupi kabla ya kuondoka, kwa sababu kwenye mteremko vidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Nguo ziwe za kuvaliwa tabaka juu ya tabaka, kwani joto hushuka kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi katika kila mita 1,000. Jua nalo huchoma zaidi kadiri unavyopanda, hata kukiwa na baridi, hivyo miwani ya jua si urembo.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja azijue dalili. Maumivu ya kichwa yakiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida huashiria ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mwenye dalili hizo hapandi zaidi. Pombe na dawa za usingizi ziachwe, kwa kuwa huweza kudhoofisha upumuaji usiku. Anayeshukiwa kuzidiwa apimwe kwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akiyumba, au akianza kuchanganyikiwa, ubongo wake huenda unavimba. Anayehema akiwa amekaa, au anayekohoa povu, huenda mapafu yake yanajaa maji. Wote wawili huteremshwa mara moja, hata kama ni usiku, na hawaachwi washuke peke yao.

Mwisho, suala la kugeuka na kurudi limalizwe chini, wakati akili bado imetulia: saa ambayo kikundi kitarudi hata kama kilele kinaonekana, nani atashuka na mgonjwa, na kama bima ya safari inagharimia uokoaji kwenye kimo kinachokusudiwa, maana baadhi ya bima huweka ukomo wa mita.