Chakula cha siku ya ndoa kando ya hori: kwanza tazameni mwezi

Waliooana miaka 30 hawahitaji keki ya ghorofa wala maputo. Wanahitaji samaki mzuri, maji mbele yao, na pembe ambayo hakuna jirani atakayepita kuwaamkia. Mombasa pembe hizo zipo kando ya hori (mkono wa bahari ulioingia bara) ya Tudor, ambako Mto Kombeni humwaga maji yake, na upande wa Mtwapa. Kinachoharibu shughuli mara nyingi si chakula, ni kufika maji yakiwa yametoka. Hapo hubaki tope jeusi lenye harufu ya majani ya mikoko yaliyooza, na hata samaki awe mtamu vipi, mtakula mmeziba pua.

Basi tarehe ichagueni kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hujaa Mombasa karibu na saa 10 alasiri, na kila siku inayofuata hukawia kwa kama dakika 40 hadi 50. Mkihesabu mwezi wa Kiislamu, mwezi 15 hadi 17, au mwezi 1 hadi 3, maji yatajaa jioni jioni, kabla ya magharibi au karibu nayo. Hakikisheni kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, au muulizeni mvuvi yeyote. Tarehe yenu ikiangukia maji mafu, yaani maji madogo ya mwezi nusu, isogezeni wiki moja. Ndoa iliyovuka miaka 30 haivunjiki kwa wiki.

Mahali pa kukaa patajionyesha penyewe: tafuta mstari wa majani makavu na taka ufukweni, ndipo maji yalipoishia mara ya mwisho. Kaeni juu yake hatua kadhaa. Siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, na mkeka ulioloa haukauki jioni hiyo. Na mkeka wenyewe ni wa kuwekea vyombo. Magoti yaliyochoka chukulieni viti.

Sasa samaki wa kupaka. Kwa wawili, changu mmoja wa gramu 800 anatosha. Mchanje mara tatu kila ubavu hadi karibu na mfupa, mpake chumvi kijiko cha chai, kitunguu saumu punje 4 na tangawizi vilivyopondwa, pilipili, na ndimu moja. Akae saa moja, kisha umtie kwenye kisanduku cha barafu. Usimchome nusu nyumbani ukamalizie huko: samaki nusu mbichi akipigwa na joto njiani huharibika.

Tui ndilo lenye kazi. Zikune nazi mbili zilizokomaa. Tui la kwanza, zito, kikombe kimoja na nusu, liweke pembeni kwa kupaka. La pili, jepesi, vikombe 3, ni la wali wa kikombe kimoja na nusu cha mchele. Tui zito libandike kwenye moto mdogo na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi moja, kitunguu saumu na chumvi. Koroga bila kuacha, kama dakika 15, mpaka lishike mgongo wa kijiko. Moto ukizidi tui hukatika: mafuta yanaelea juu, maji yanabaki chini, na halimshiki samaki tena. Ukwaju, vijiko viwili vya chakula, utie mwisho, kwani uchachu nao hulikata.

Wali uive saa 9 hivi na uingie kwenye hotipoti ukiwa moto. Wa asubuhi utakuwa umechacha.

Mkifika, washeni jiko mara moja, maana makaa yanataka nusu saa mpaka yashike jivu jeupe. Weka kiganja juu ya wavu: ukiweza kuvumilia mpaka ukahesabu tano, moto ni sawa. Choma dakika 10 kila upande. Usianze kupaka mpaka nyama iliyo karibu na mfupa iwe nyeupe na iachie, kwa sababu tui huungua upesi na samaki atakuwa mweusi nje, mbichi ndani. Akiwiva ndipo upake, ugeuze, upake tena, mara tatu kila upande. Jiko liwe upande upepo unakokwenda, si unakotoka, hasa miezi ya kusi, upepo wa kusini.

Jua la Mombasa huzama baina ya saa 12:10 na 12:45 mwaka mzima, na giza halichelewi. Kuanzia mwezi 16 mwezi huchomoza jua likishazama, kwa hiyo chukueni taa. Mbu na usubi wa mikokoni nao hutoka saa hiyo hiyo; majani makavu ya mwarobaini yaliyowekwa juu ya makaa yaliyobaki huwapunguza, na nguo ndefu hufanya kazi iliyobaki. Msala wa kuswalia uwe karibu, si chini ya vyombo.

Baada ya magharibi ni kahawa chungu ya tangawizi na halwa. Mwenye sukari atosheke na tende moja.

Dereva wa tuktuk mpangeni tangu mnashuka, kwa saa na kwa bei. Makaa yamwagieni maji mpaka yaache kufuka, kisha jivu mlibebe kwenye kopo. Msilitupe mikokoni.