Kabla ya kufunga injini ya gari kwenye trekta la zamani

Ingia chini ya trekta kabla hujalipia injini. Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: mbele imeshika ekseli, nyuma imefungwa na gia boksi, na sampo yake (chombo cha oili chini ya injini) ni chuma kizito cha kumimina. Ford 8N la Marekani ni hivyohivyo. Injini nyingi za gari zina sampo ya bati, na bati halibebi trekta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchomelea fremu imara pande zote mbili, kutoka ekseli ya mbele hadi gia boksi, ili injini mpya ikae ndani yake bila kubeba uzito wa trekta.

Jambo la pili watu hulisahau, na kulikosa ndiko kunakoua injini: gavana, kifaa kinachoongeza au kupunguza mafuta chenyewe ili mwendo wa injini usibadilike. Injini ya gari humtegemea dereva kukanyaga mafuta. Shambani, jembe likigusa udongo mgumu injini inazimika. Ukilinyanyua, inapiga kelele kupita kiasi. Tafuta gavana, hata ya kuendeshwa kwa mkanda, uiunganishe na kabureta.

Kisha pima shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Mashine nyingi za zamani zinataka mizunguko 540 kwa dakika, na injini ya gari huifikisha zaidi ya hapo kirahisi sana. Weka kikomo kwenye gavana kabla ya kufunga mashine yoyote nyuma.